Sukari na Chungu cha Watu Wawili

Historia ya kisukari imeandikwa kama historia ya tabibu na mgonjwa wake. Fungua kitabu kinachohusu maradhi haya, aghalabu utamkuta daktari ameshika chupa ya mkojo au bomba la sindano, na mgonjwa yuko kitandani anangoja kuambiwa ale nini na aache nini. Anayepika hatajwi. Anayekaa upande wa pili wa sinia naye hatajwi. Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na moja katika shule za sekondari mkoani Tanga, na ninajua kwa nini huwa hivyo: mtihani hutaka jina moja na mwaka mmoja, na jiko halina mwaka.

Sababu yangu ya kuifuatilia habari hii ni ya nyumbani. Mwaka 2016 mke wangu, ambaye hapa nitamwita Mama Zuhura kama anavyoitwa mtaani, alipimwa sukari asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani, na mashine ikaonyesha 14.2. Mtu mwenye afya hapaswi kufika hata 6.1 kwa wakati huo. Yeye alikuwa na kilo 94, mimi nilikuwa na kilo 101 na presha juu yake. Dada yake mkubwa alikuwa amekatwa mguu miaka mitatu kabla kwa sukari hiyo hiyo, na mwaka uliofuata tukamzika. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu yeyote kututisha. Muuguzi alimpa vidonge na karatasi iliyosema apunguze ugali, wali, mkate, viazi, mihogo na vitu vitamu. Aliikunja karatasi, akaitia mkobani, na njiani akaniuliza jambo moja tu: "Baba Zuhura, sasa nitapika vyungu vingapi?"

Swali hilo ndilo nililokwenda nalo vitabuni.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Matabibu wa Bara Hindi waliyapa jina lenye maana ya mkojo wa asali, wakaona kwamba sisimizi huufuata mkojo wa mgonjwa. Ibn Sina naye aliuandika utamu wake. Mwaka 1776 Mwingereza Matthew Dobson alithibitisha kwamba utamu ule ni sukari, na kwamba damu nayo imeibeba. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1796, John Rollo, tabibu wa jeshi la mizinga la Uingereza, alimpokea kapteni mmoja aitwaye Meredith, mtu wa miaka 34, ambaye maradhi yalikuwa yamemtoa kilo zipatazo 32. Rollo aliamini kwamba sukari ile inatengenezwa tumboni kutokana na vyakula vya mimea. Akamnyima karibu vyote. Akamlisha maziwa, damu iliyopikwa pamoja na mafuta ya ng'ombe, na nyama iliyokaa mpaka ikaanza kuvunda. Kapteni alipata nafuu, na mwaka 1797 Rollo akachapisha habari zake. Tumbo halikuwa na kosa alilosingiziwa, lakini dawa iliingia mahali pake, kwa kuwa wanga wote, uwe wa ugali, wa wali au wa mkate, ukishameng'enywa huwa sukari. Kwa mwenye afya, insulini itokayo kwenye kongosho huifungulia sukari hiyo njia ya kuingia kwenye chembe za mwili. Kwa mgonjwa wa aina ya pili insulini ipo, pengine tele, lakini mwili umekuwa mkaidi wa kuisikia, hasa mafuta yakishajaa tumboni na kwenye ini. Ukipunguza kinachoingia, ule mzigo unaoishinda insulini nao hupungua.

Basi dawa ilijulikana tangu hapo. Taabu ilikuwa namna ya kumfanya binadamu aifuate siku baada ya siku, na hapo ndipo waganga wa karne ya 19 walipogawanyika. Kule Napoli, Italia, Arnaldo Cantani aliona njia ya hakika ni kuwafungia wagonjwa chumbani na kukaa na ufunguo. Ujerumani wako waliomfuata. Huko Paris, Apollinaire Bouchardat alikuwa mtu wa namna nyingine. Wakati jeshi la Prussia lilipouzingira mji huo, mwaka 1870 hadi 1871, na chakula kikaadimika, aliona sukari ikitoweka kwenye mikojo ya wagonjwa wake. Hakuchukua ufunguo. Aliwafundisha kupima mikojo yao wenyewe, akawahimiza kazi za mwili, akawapa mboga nyingi za majani na mkate uliotolewa wanga. Mimi nikisoma habari za mabwana hawa wawili huona njia mbili za kumtunza mtu unayempenda. Katika ndoa pia wako wanaoshika ufunguo wa kabati.

Lakini aliyeifanya habari hii ya wanga ikajulikana barabarani hakuwa tabibu. Alikuwa mzee wa Kiingereza William Banting, mstaafu wa shughuli za mazishi, ambaye kampuni ya ukoo wake ndiyo iliyokuwa ikiwazika wafalme. Kimo chake kilikuwa sentimita 165, na mwezi Agosti 1862, akiwa na umri wa miaka 65, alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani karibu kilo 92. Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu vyake. Ngazi alishuka kinyumenyume ili kuyaonea huruma magoti. Alikuwa amekwisha jaribu kila alichoshauriwa. Alipiga makasia alfajiri, akapata nguvu na njaa kubwa zaidi. Alikunywa maji ya chemchemi za tiba, akaingia kwenye mabafu ya mvuke, akafunga kula, akabaki vile vile. Hatimaye masikio yakaanza kuziba, na kwa ajili ya masikio akaenda kwa tabibu William Harvey.

Harvey huyo alikuwa amewahi kukaa Paris mwaka 1856 na kumsikiliza Claude Bernard akieleza jinsi ini linavyotengeneza sukari na linavyohusika na kisukari. Akajiuliza: ikiwa chakula cha wanga na sukari kinamdhuru mgonjwa wa kisukari, na ikiwa wanyama wa kufugwa hunenepeshwa kwa nafaka, si inawezekana mnene huyu anayezibwa masikio na mafuta naye akatibiwa kwa njia ile ile? Akampiga marufuku mkate, sukari, bia, viazi, maziwa na siagi. Akamruhusu nyama, samaki, mboga, matunda kiasi, na kipande kidogo cha mkate uliokaushwa. Mvinyo hakumnyima, wala kinywaji kikali cha kulalia, jambo ambalo wasomaji wangu wa upande mmoja wa mji huu hawatalifurahia. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua ratili 46, ambazo ni kilo 21, na masikio yakafunguka.

Mwaka 1863 alikichapa kijitabu cha barua kwa umma kwa fedha zake mwenyewe, na nakala za mwanzo akazigawa bure. Mimi ninayelipia kitabu hiki kutoka mfukoni, na ninayejua bei ya karatasi, ninamheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa zile kilo 21. Madaktari walimdhihaki: mzika watu anafundisha utabibu! Umma ulimpenda. Jina lake likawa kitenzi cha Kiingereza, na hata leo Msweden anayejinyima kula ili apungue husema kwa neno lililotokana na jina hilo. Afrika Kusini nako ulaji wa wanga kidogo unaitwa kwa jina lake, tangu Profesa Tim Noakes alipoufufua kwa kitabu cha mwaka 2013, akashtakiwa mbele ya baraza la taaluma za afya kwa ushauri alioutoa, na akashinda shauri mwaka 2017, kisha na rufaa mwaka 2018. Banting mwenyewe alifariki mwaka 1878 akiwa na miaka 81. Katika barua yake anahesabu wakia za nyama na glasi za mvinyo, mlo kwa mlo. Jikoni hatupeleki.

Hapa lazima niseme neno juu ya aina ya kwanza ya kisukari, ile inayowapata zaidi watoto na vijana, ambapo kongosho huacha kabisa kutoa insulini. Kwao kupunguza wanga peke yake hakukuwa tiba. Kuliahirisha kifo tu. Kabla ya insulini, Mmarekani Frederick Allen aliwapunguzia watoto chakula mpaka wakabaki mifupa, ili waishi miezi au miaka michache zaidi. Mvulana mmoja kipofu wa miaka 12 aliyekuwa chini ya uangalizi wake aligunduliwa akila dawa ya meno na mbegu za ndege wa kufugwa, kwa njaa. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipofikishwa Toronto, Kanada, mwezi Agosti 1922, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 15, na uzito wake ulikuwa kilo 20. Alidungwa insulini iliyogunduliwa mwaka uliotangulia na Frederick Banting na wenzake, naye akaishi hadi mwaka 1981. Kwa hiyo mwenye mtoto anayechoma sindano asisome makala haya akadhani mchicha utachukua mahali pa insulini.

Insulini ilipoenea, habari ya wanga ikaachwa nyuma. Mgonjwa aliambiwa ale, kisha adunge. Waliokumbuka njia ya zamani walibaki wachache, na ninaowapenda mimi katika wachache hao ni watu waliokuwa wawili wawili.

Wa kwanza ni Vilhjalmur Stefansson na mkewe Evelyn. Stefansson alikuwa mpelelezi wa nchi za barafu. Alikaa na Wainuit miaka mingi akila samaki na nyama tu, na aliporudi akasema hakuugua. Hawakumwamini. Ndipo mwaka 1928 yeye na mwenzake Karsten Andersen walipokubali kula nyama peke yake kwa mwaka mzima mjini New York, wakianza chini ya macho ya madaktari wa hospitali ya Bellevue. Walimaliza mwaka wakiwa wazima. Alipopewa nyama isiyo na mafuta ndipo alipougua, na mafuta yaliporudishwa akapona. Hayo yako katika vitabu vya kila mtu. Yaliyonivuta mimi ni ya baadaye. Stefansson alimwoa Evelyn mwaka 1941, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwaka 1952 alipata kiharusi, na katikati ya miaka hiyo ya 1950 akamtangazia mkewe kwamba anataka kurudi kwenye ulaji wa nyama. Evelyn ameyaeleza katika utangulizi aliouandika kwa kitabu cha mumewe cha mwaka 1956. Alifadhaika. Alikuwa na kazi ya maktaba, mihadhara na vitabu vyake mwenyewe vya kuandika. Akapiga hesabu ya kupika mara mbili, chakula cha mume na chakula chake, akaona muda hautoshi wala fedha hazitatosha.

Nilipofika hapo nilimwita Mama Zuhura nikamsomea. Alicheka akasema, "Kumbe na Wazungu wanahesabu vyungu."

Evelyn alilimaliza jambo kwa kula kama mumewe. Akaona ununuzi umepungua, mapishi yamekuwa mepesi, gharama haikuwa ile aliyoiogopa, na mzee akapungua uzito na kuchangamka. Mke wangu alikataa sehemu moja tu ya habari hiyo. "Huyo alikaa kwenye barafu," alisema. "Sisi tuna mchicha." Nami nilimwunga mkono, na sayansi inamwunga mkono pia, maana kupunguza wanga si lazima kuwe kula nyama tupu.

Wa pili ni Richard Bernstein na mkewe. Bernstein, mtu wa New York, alipata kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1946 akiwa na umri wa miaka 12. Akasomea uhandisi. Alifuata kila alichoambiwa na madaktari, na alipofika miaka ya thelathini macho, figo na miguu vilikuwa vimeanza kuharibika. Mwaka 1969 aliona tangazo la mashine ya kupima sukari kwa tone moja la damu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, bei yake dola 650, na ilitengenezwa ili hospitali usiku ziweze kumtofautisha aliyezimia kwa kisukari na aliyezimia kwa pombe. Iliuzwa kwa madaktari tu. Mgonjwa hakuruhusiwa kuinunua. Mkewe alikuwa daktari, akaiagiza kwa jina lake. Bernstein akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku kama mhandisi anavyopima mtambo, akaona kwa macho yake kile kilichokuwa kikipandisha sukari: ni wanga. Akaupunguza mpaka ukabaki kidogo sana, na insulini nayo ikapungua. Majarida ya utabibu yalikataa makala yake kwa kuwa hakuwa daktari. Mwaka 1979, akiwa na umri wa miaka 45, aliingia chuo cha utabibu, akahitimu mwaka 1983. Alifariki mwezi Aprili 2025 akiwa na miaka 90. Leo mashine hizo zinauzwa katika maduka ya dawa hapa Tanga, na kila anayejichoma kidole nyumbani ana deni kwa mhandisi yule, na kwa mwanamke aliyetia sahihi fomu ya kuiagiza.

Baada ya hapo walikuja wengi. Mwaka 1972 Robert Atkins aliuza vitabu kwa mamilioni. Nampita haraka, maana kelele za siku zile zilikuwa nyingi kuliko faida. Kwa hoja yangu kuna utafiti mmoja unaonitosha. Huko Dimona, kusini mwa Israeli, watu 322 wanene kiasi, wengi wao wanaume wa kituo kimoja cha kazi, waligawanywa katika ulaji wa aina tatu: wa mafuta kidogo, wa watu wa pwani ya Mediterania, na wa wanga kidogo. Matokeo ya miaka miwili yalitolewa mwaka 2008. Kundi la mafuta kidogo lilipungua wastani wa kilo 2.9, la Mediterania 4.4, na la wanga kidogo 4.7. Tofauti si kubwa, na asiyekuwa na bidhaa ya kuuza ataikubali hivyo. Jambo la ajabu lilitolewa mwaka 2010: wake wa baadhi ya wanaume wale walipoulizwa, ilionekana nao wamepungua uzito, na hasa wale ambao waume zao walikuwa wanapunguza wanga. Hawakuandikiwa chochote. Kilichobadilika ni kilichonunuliwa sokoni.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2021 yanaelekea huko huko kwa njia ya uchungu. Wagonjwa wa aina ya pili waliopunguza wanga walifanikiwa kushusha kisukari kuliko wenzao kwa miezi sita ya kwanza, kisha mwaka ulipotimia tofauti ikafifia. Huenda wengi walikuwa wamerudia ulaji wao.

Sasa na turudi kwetu. Kuna wanaosema kwamba ugali ni asili yetu, na anayeuacha ameacha uafrika. Mimi huwajibu kwa historia. Mahindi yalitoka Amerika, na kwetu yaliletwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Kabla yake pwani ilikula mtama, uwele, mchele, samaki na nazi. Hata baada ya kufika, mahindi hayakuwa mfalme wa sahani kwa karne nyingi. Yaliupata ufalme huo zaidi katika karne ya 20, na hapa Tanga tunajua njia mojawapo yalikopitia. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Pangani ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo yakazaliwa mashamba ambayo yaliwaita watu kutoka kila upande wa nchi na nje yake, na vibarua hao walilipwa fedha kidogo na kupewa posho ya unga wa mahindi. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alikata majani ya mkonge kuanzia alfajiri, na mlima wa ugali aliokula jioni ulikuwa umekwisha tumika kabla hajalala. Baba yangu alirithi sahani ile akiwa karani. Mimi nimeirithi nikiwa na kiti, chaki na pensheni.

Mwaka 1989 Dakta McLarty na wenzake walichapisha uchunguzi waliofanya katika vijiji vya Tanzania: wenye kisukari hawakufika mtu mmoja kwa kila mia. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kiasi cha watu 9 kwa kila mia miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Chunguzi hizo mbili hazikuwapima watu wa namna moja, kwa hiyo zisilinganishwe kama mizani mbili za duka moja. Hata hivyo anayehudhuria mazishi mtaani kwetu hahitaji mizani.

Tulivyofanya sisi ni hivi. Kwanza tulirudi kwa daktari, na msomaji yeyote anayetaka kutufuata aanzie hapo. Mke wangu alikuwa amepewa glibenklamaidi, kidonge kinacholazimisha kongosho kutoa insulini, uwe umekula au hukula. Ukipunguza wanga na kuendelea na dozi ile ile, sukari yaweza kushuka mpaka ukazimia. Daktari alikipunguza nusu siku ile ile, baada ya wiki chache akakiondoa, ikabaki metformini.

Kisha tukakubaliana chungu kimoja. Sikuwa na kisukari, na hakuna aliyeniandikia lolote. Lakini mtu hawezi kumega tonge la moto mbele ya mwenzake anayetafuna kabichi, halafu akasema wanakula pamoja. Asubuhi, maandazi na chai ya sukari vikaondoka. Vikaja mayai ya kuku wetu, au mtindi na karanga. Mchana samaki wa kupaka, au dagaa, au maharage kiasi, pamoja na rundo la matembele, mlenda, bamia, biringanya au kisamvu. Usiku hivyo hivyo, kwa uchache. Machungwa ya Muheza hatukuyaacha, ila tunakula moja zima badala ya kukamua manne kwenye glasi. Watu huuliza juu ya gharama, na swali ni la haki, kwa sababu unga ndio unaoshibisha kwa bei nafuu, na familia ya watoto sita haiwezi kuishi kwa changu na kolekole. Sisi tuko wawili tu. Mboga za majani tunalima uani, dagaa hawajawa chakula cha matajiri, na fedha za sukari, soda, mkate na unga zikikusanywa pamoja hununua samaki kuliko unavyodhani. Simwambii mwenye njaa apunguze chochote.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa nzito. Kichwa kiliuma, na mimi nilikuwa mkali kwa watu wasio na hatia. Mwezi wa pili njaa ya saa nne asubuhi ilipotea yenyewe. Kufikia mwaka mmoja yeye alikuwa na kilo 79 na mimi 84, na kipimo chake cha wastani wa miezi mitatu kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 10.1 hadi 6.6.

Hapo ndipo tulipopata jaribu ambalo Banting hakulijua. Yeye alipokonda, London ilimpigia makofi. Katika nchi yetu, mtu akikonda hapongezwi, na wakikonda mke na mume kwa pamoja, watu hushusha sauti. Sisi tuliozika wenzetu katika miaka ya 1990 tunajua walichokuwa wanakifikiri. Jirani mmoja alituletea jina la mganga. Mwingine aliacha kununua mayai yetu. Shemeji yangu alikuja kutoka Korogwe na gunia la unga mabegani, akiamini kwamba pensheni imekatika na tunaona haya kusema. Mama Zuhura alilia usiku ule, kwa mara ya pili tu tangu siku ya 14.2. Alisema angekuwa peke yake angerudia wali kesho yake, anenepe, watu wanyamaze. Kwenye arusi ya mpwa wetu tulikaa pamoja kwenye jamvi mbele ya pilau, tukala nyama na kachumbari tukauacha mchele, na macho ya watu yakagawanyika kwetu sote wawili. Sijui kama mtu mmoja angeyabeba.

Ni miaka kadhaa sasa. Kisukari hakijafutika. Akila ovyo siku tatu mashine husema. Mwezi wa Ramadhani hupanda kidogo, kwa sababu futari bila viazi vitamu hata mimi siiwezi kila siku. Metformini anameza, macho yake hupimwa kila mwaka, miguu yake huiangalia mwenyewe kila usiku kwa taa, na anapochoka huniachia mimi niiangalie. Jumapili tunasonga ugali wa mtama, tonge nne kila mmoja, na tunazihesabu kwa sauti kama watoto wanaogawana njugu.

Mwaka juzi muuguzi wa kliniki alimwomba azungumze na wanawake wenzake siku ya mahudhurio. Alikubali kwa sharti la kila mmoja kuja na mumewe. Alhamisi ya kwanza walikuja wanawake kumi na wawili na mwanamume mmoja, fundi baiskeli, aliyekaa karibu na mlango na kofia mkononi. Mke wangu alimsogeza mbele, akamuuliza anapenda mboga gani.